Upande wa Pili, Wimbo wa Tatu

Mjukuu wangu anasikia kwa sikio moja tu, la kulia. La kushoto lilikufa alipokuwa na miaka tisa, kwa kofi la baba yake, ambaye ni mwanangu wa kumzaa mwenyewe. Siku ile nilikuwa jikoni nimebeba sufuria ya maji ya moto. Nikasikia ugomvi unaanza sebuleni. Nilitua sufuria kwanza. Nilitafuta pa kuiweka, nikaiweka vizuri isimwagike, nikafuta mikono, ndipo nikaenda. Nilipofika mlangoni, kofi lilikuwa limeshapigwa na mtoto amekaa sakafuni, ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyezima kitu. Nilimchukua siku hiyohiyo, nikamlea. Baba yake hatuonani.

Nalitanguliza hili kwa sababu bila hilo mambo ya Bondia hayaelezeki.

Duka letu ni chumba kimoja kirefu. Mbele kuna kaunta ya kioo, katikati kuna meza yenye mashine ya kuchezea santuri, na nyuma kabisa kuna beseni langu na jiko dogo la gesi. Kuta zote mbili ni rafu za santuri, zimesimamishwa wima kama vitabu. Tunanunua albamu za pop za zamani, zile ambazo enzi za ujana wangu kila redio ilikuwa ikizipiga, tunazisafisha, tunazipa daraja, tunaziuza. Watu wengine huleta zao ili tuzipime tu, kwa sababu muhuri wetu unaaminiwa. Daraja la kwanza ni santuri isiyo na doa, machoni wala masikioni. La tatu ina kelele nyuma ya wimbo, lakini wimbo unafika mwisho bila kuruka. La tano ni pambo la ukutani.

Tuko watatu. Fundi ni mtu wa miaka sitini na kitu, mwembamba, ana miwani minene. Alianza kwa kutengeneza redio na gramafoni kabla mjukuu wangu hajazaliwa. Yeye anapima kwa macho: huinamisha santuri chini ya taa kali, akaizungusha polepole kwa viganja bila kugusa mistari, na mkwaruzo mwembamba kama unywele hauwezi kumpita. Mjukuu anapima kwa sikio. Huvaa kipokea sauti chenye kikombe kimoja tu, kile kingine Fundi alikikata akamshonea mto laini usimuumize, akasikiliza pande zote mbili tangu mwanzo hadi mwisho, hata kama wateja wamejipanga mlangoni.

Mimi naosha. Nachukua maji ya betri, yale safi yasiyo na chumvi, naongeza kidogo ya birika, napima kwa kifundo cha mkono kama mtu anayetaka kumwogesha mtoto mchanga. Yakiwa ya moto, santuri hujikunja kama jani kavu, na hakuna wa kuinyoosha tena.

Wakimaliza, kila mmoja huandika namba kwenye kipande cha karatasi, kwa penseli moja, bila jina, akakitia kwenye kopo la biskuti. Mimi nafungua. Namba zikitofautiana, daraja la chini ndilo tunalolishika. Kutokuandika majina lilikuwa wazo la Fundi. Alisema, "Mteja akitaka kukasirika, alikasirikie kopo."

Siri moja sikuwahi kumwambia mtu. Mimi sina sikio la kazi ile, lakini nina macho. Mjukuu anapoanza kusikiliza huvua ndala. Anaposikia kasoro, kidole gumba cha mguu wa kulia hujikunja. Mwenyewe hajui. Nikiwa kwenye beseni nauona mguu wake chini ya meza, nautazama na mkono wa sindano ulipofika, na mara nyingi najua daraja kabla ya kopo.

Bondia alikuja asubuhi, tumefungua tu. Jina hilo alilipata ulingoni, zamani. Siku hizi aliuza na kununua santuri, na habari zake zilimtangulia: alikuwa akisikia mtu amefiwa na mume aliyependa muziki, anakwenda, anaketi sebuleni kwa mjane, haondoki mpaka auziwe. Alifuatana na kijana mmoja mrefu, wa miaka thelathini hivi, asiyesema neno. Bondia alimwita Kimya.

"Shikamoo, Bibi," Bondia alisema. Alisalimia vizuri, hilo siwezi kumnyima.

"Marahaba, baba. Karibuni."

Aliweka albamu juu ya kaunta kwa mikono miwili. Nililitambua jalada lake nikiwa kule nyuma: yule mwanamke wa koti la njano aliyesimama mlangoni. Mtu yeyote wa rika langu aliwahi kuicheza.

"Nimemleta malkia," alisema. "Mvisheni taji niende zangu. Mnunuzi anafika saa sita, na hataki kusikia la mtu mwingine ila muhuri wenu."

"Taji halivishwi mlangoni, mzee," Fundi alisema. "Keti."

"Nani mzee? Wewe uliyezaliwa kabla ya umeme?"

"Ndiyo maana nilijifunza kuona gizani."

Mjukuu alicheka. Hata Bondia alicheka. Nilidhani itakuwa asubuhi ya kawaida.

Fundi akaitoa santuri, akasoma namba iliyochongwa kwa mkono karibu na kibandiko cha katikati, akasema ni toleo la kwanza kweli, hakuna ubishi. Akaiinamisha chini ya taa. Akaizungusha. Nilimsikia akinong'ona, "Kioo hiki." Akaandika, akakunja, akatia koponi. Hakuhitaji hata kufikiri.

Mjukuu akavua ndala, akavaa kikombe chake, akateremsha sindano. Upande wa kwanza ulipita wote, mguu umetulia. Akageuza. Wimbo wa kwanza, salama. Wa pili, salama. Katika wa tatu, karibu na mwisho, kidole kikajikunja, kikabaki kimejikunja kwa muda mrefu. Akarudisha sindano, akasikiliza tena. Kikajikunja tena palepale. Mtu fulani aliupenda sana wimbo ule, akaucheza miaka mingi kwa sindano nzito iliyochakaa, mpaka sauti ikatafunwa. Mistari bado inang'aa. Jicho haliwezi kujua.

Nilikuwa nimeshika birika, nataka kuchanganya maji. Lilikuwa limetoka kuchemka. Mjukuu akatia karatasi yake koponi, akaniambia, "Fungua, mke mwenzangu." Ndivyo anavyonitania tangu utoto wake.

Nikaenda na birika mkononi, nikafungua kopo kwa mkono mwingine. Moja. Na tatu.

"Daraja la tatu," nikasema.

Bondia hakupandisha sauti. "Nani kaandika tatu?"

"Kopo," Fundi alisema.

Sikuona mkono ukienda. Niliona tu Fundi ameshikwa ukosi, amevutwa juu ya kaunta, na uso wake umegongwa kwenye kioo. Mara ya kwanza kioo kililia. Mara ya pili kikavunjika. Damu ilitoka puani mwake ikaingia kwenye vibandiko vya bei. Miwani iliruka ikaanguka miguuni mwa Kimya, ambaye alikuwa amekwisha kufunga mlango na kusimama mbele yake. Kimya aliinama, akaiokota, akaiweka juu ya rafu mahali ambapo haitakanyagwa. Niliona. Hata katika saa ile niliona.

"Nani?"

"Mimi," Fundi alisema. "Mimi nimeandika tatu."

Alikuwa ameandika moja. Mimi nilijua, na mjukuu alijua. Meno yake mawili yalikuwa juu ya kaunta, naye anadai kosa lisilo lake.

"Vizuri," Bondia alisema. "Kasoro iko wapi?"

Fundi hakuwa ameisikiliza, hakuwa na pa kujua. "Upande wa kwanza," akasema. "Mwanzoni. Kuna mkwaruzo."

Bondia akamgeukia Kimya, akacheka. "Umemsikia? Mkwaruzo!" Kisha akarudi kwa Fundi. "Babu, nilishaipeleka kwa wengine kabla yenu. Waliniambia kasoro ilipo. Si huko."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba alijua tangu mwanzo. Hakuja kupimiwa. Alikuja kuchukua muhuri.

Alifungua droo ya kaunta, akauchukua mkono wa kulia wa Fundi, ule unaozungusha santuri chini ya taa, akautia ndani, akaifunga droo kwa teke. Vidole vya mtu vinavunjika kwa sauti ndogo kuliko nilivyodhani. Fundi hakupiga kelele. Alitoa pumzi tu, ndefu, kama tairi. Bondia akaivuta droo, akaipiga teke tena.

"Nani?"

"Mimi," Fundi alisema.

Bondia akamwacha aanguke, akamwendea mjukuu wangu. Mjukuu alikuwa amesimama nyuma ya meza, miguu mitupu, kipokea sauti kiko shingoni. Bondia akakishika kile kikombe kimoja, akakigeuza, akaugusa ule mto wa kitambaa upande wa pili.

"Kumbe," alisema polepole. "Hakimu ana sikio moja."

Akamkamata nywele kwa mkono wa kushoto, akamgeuza kichwa mpaka sikio la kulia likamwelekea. Akaunyoosha mkono wa kulia, akakipima kiganja chake hewani, mara moja, mara mbili, kama mtu anayepima mlango kabla ya kugonga.

"Futa tatu, andika moja. Bibi atagonga muhuri. Mkikataa, hili nalo nalifunga."

Nimeishi miaka mingi na sijawahi kuomba kitu kama nilivyoomba pale. Sikuomba duka. Sikuomba hata Fundi, Mungu anisamehe. Niliomba sikio.

"Mwanangu, mwachie," nikasema. "Tatu niliiandika mimi."

"Wewe ajuza unaosha vyombo."

"Upande wa pili, wimbo wa tatu, karibu na mwisho. Sauti imetafunwa na sindano nzito."

Alinigeukia. Hata mjukuu alinitazama. Kisha Bondia akatabasamu kabisa. "Basi nimempata wa kuongea naye. Haya Bibi, tua hilo birika uje ugonge muhuri."

"Nitagonga hivihivi," nikasema. "Nimezoea."

Muhuri huwa katika mfuko wa aproni yangu. Nikautoa kwa mkono wa kushoto, nikaukandamiza kwenye wino, nikagonga cheti: daraja la kwanza. Muhuri ni kipande cha mti na mpira. Ningegonga vyeti mia. Ningegonga kipaji cha uso wangu.

Nilimsukumia karatasi. Lakini mjukuu, nywele zikiwa bado mkononi mwa yule mtu, aliinyakua mezani akaichana vipande viwili.

"Mke mwenzangu," alisema, machozi yanamtoka, "mzee wa watu amevunjwa vidole ili muhuri usigongwe."

Kofi la kwanza lilifika. Siwezi kusema halikufika. Nilikuwa tayari naenda, lakini meza ilikuwa kati yetu na miguu yangu si ya jana. Lilifika sikioni, wazi, kwa kiganja kizima, na nikamwona mtoto wangu akinitazama kama siku ile alipokuwa na miaka tisa. Bondia akaukunja mkono uwe ngumi, akaurudisha nyuma kwa la pili.

Safari hii sikutua kitu.

Nilinyanyua birika nikammwagia, kwanza ule mkono uliokuwa juu, kisha shingo, kisha pale kifuani shati lilipokuwa wazi. Nilimwagia taratibu, mpaka likaisha, kama ninavyosuuza santuri. Mlio alioutoa haukuwa wa mtu mkubwa. Alimwachia mjukuu, akanipiga kwa mkono ule uliobaki mzima, nikaenda kwenye rafu na rafu ikaja juu yangu. Mfupa wa bega uliniambia umevunjika kabla sijafika chini. Albamu zikaniangukia moja baada ya nyingine. Nikamwona anakuja na mguu umeinuliwa, na nyuma yake nikamwona Fundi, uso wote damu, ameshika kwa mkono wa kushoto lile bamba la chuma tunalogandamizia majalada yaliyopinda. Alimpiga nalo gotini, kwa ubavu. Goti likaenda upande ambao goti haliendi.

Bondia alianguka akiwa bado analia kwa ngozi yake. Akapiga kelele, "Kimya! Wamalize!"

Kimya alifungua mlango. Alifungua wote, wazi, jua likaingia ndani, akatoka nje akaita, "Jamani njooni! Njooni msaidie, kuna wagonjwa humu!" Ndiyo mara ya kwanza nilipoisikia sauti yake. Ilikuwa sauti nzuri. Mshona viatu wa jirani aliingia na nyundo yake, akifuatwa na muuza magazeti, na wote wawili wakamkalia Bondia mpaka askari walipofika. Kimya aliwangoja askari pamoja nao. Hakukimbia, na alisema yote mahakamani baadaye, akiwa amejiinamia.

Muuza magazeti aliponitoa chini ya rafu alilivua koti lake akaniwekea chini ya kichwa, na nikiwa nimelala pale niliona santuri ya mwanamke wa koti la njano juu ya mashine. Maji yalikuwa yameirukia. Ukingo ulikuwa unainuka, polepole, unajikunja. Tulimsahau malkia. Hakuna aliyenyoosha mkono kumwokoa.

Watu huniuliza kama najuta. Niliisikia harufu ya ngozi yake, na bado huwa inanirudia ninapopasha maji. Nimemwombea apone, na nasikia ngozi imepona, ingawa mkono haukunjuki vizuri. Nafanya hivyo kwa moyo. Lakini nisingelitua birika. Nikirudishwa pale mara kumi, mara zote kumi nitakuwa nalo mkononi.

Sikio lilitoka damu siku tatu. Daktari alisema ngoma ya ndani imepasuka, tungoje. Tukangoja. Wiki saba mjukuu alikaa na pamba, haruhusiwi maji wala kelele, na nilizungumza naye kwa kuandika nyuma ya bahasha. Mwandiko wangu si mzuri, akawa ananisahihisha kwa kalamu nyekundu, akiniandikia "Jitahidi zaidi." Fundi alikuja kila siku, mkono kwenye plasta kama mkate, akaketi tu. Hakuna aliyemwambia asante kwa maneno, kwa sababu tulipojaribu alisimama akasema anakwenda kutazama kama mvua inanyesha.

Siku pamba ilipotolewa, tulifungua duka sisi watatu tu, mlango tukauegesha. Kaunta ilikuwa na mbao badala ya kioo. Mjukuu alichagua santuri moja iliyo safi, daraja la kwanza, ambayo aliisikiliza mara nyingi kabla. Akavua ndala. Akavaa kikombe. Akateremsha sindano.

Nilikuwa kwenye beseni langu. Natazama mguu.

Wimbo wa kwanza ukaanza na kidole kikajikunja. Santuri haina kasoro hata moja, na kidole kimejikunja, hakiachii. Nikaelewa, nikatazama pembeni, nikaanza kufuta beseni lililokuwa kavu. Alisikiliza upande mzima. Akageuza, akasikiliza na wa pili, mpaka mwisho. Hajawahi kukatisha.

"Leta kopo," alisema.

"Kopo la nini? Santuri hiyo ina daraja lake."

"Si santuri. Sikio. Mimi na wewe. Fundi afungue."

Fundi akatugawia penseli. Niliandika yangu, nikakunja. Akaandika yake. Fundi akazifungua kwa mkono wa kushoto, akazilaza kwenye mbao. Moja. Na tatu.

"Moja ni ya nani?" mjukuu aliuliza, ananitazama mimi.

"Kopo," nikasema.

Alicheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wa nguo. Kisha akasogeza kiti akaniwekea kichwa kwenye lile bega langu zima. "Tunaishika ya chini, mke mwenzangu. Ndiyo kazi yetu."

"Na tatu ni nini?" nilimuuliza. Nilijua. Nilitaka aniambie yeye.

"Ina kelele nyuma," alisema. "Lakini wimbo unafika mwisho."

Sikugonga muhuri. Nilizikunja karatasi zote mbili nikazirudisha koponi, nikaenda kuwasha jiko. Kulikuwa na kreti nzima inangoja kuoshwa.